Daftari la melini: Seattle hadi Alaska, mimi na wifi yangu

Siku ya kwanza, Jumamosi: Seattle

Meli inang'oa nanga saa kumi jioni. Wifi yangu ametua kutoka Unguja tangu Jumanne, na hivyo ndivyo ninavyomshauri kila anayeniuliza: ukitoka mbali, usipande ndege ya siku ileile. Ndege ikichelewa njiani, meli haikungoji na nauli hairudi. Isitoshe, kati ya Zanzibar na Seattle kuna tofauti ya saa kumi. Mtu mwenye usingizi wa siku mbili kichwani hafurahii chochote, hata umpeleke peponi.

Kwa wenye pasipoti za kwetu safari hii ina mtego wake. Inaanzia Marekani na kuishia Marekani, kwa hiyo watu hudhani viza ya Marekani inatosha. Lakini jioni ya mwisho meli inagusa Victoria, na Victoria ni Kanada. Mimi nina grinikadi, kwa hiyo kadi na pasipoti vinanitosha. Wifi ana viza ya matembezi, basi ilibidi awe na ya Kanada pia, hata kama angeamua kubaki kitandani na asikanyage gati. Tulianza kuiomba miezi kadhaa kabla, akavuka kwenda Dar kutoa alama za vidole. Angalia pia viza yako ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, maana ukitoka Victoria unaingia upya. Leo pale kaunta kulikuwa na familia imekaa juu ya masanduku yake, bibi yao hana karatasi ya Kanada, na vijana wa kaunta wanatikisa vichwa. Hapo hakuna wa kumwomba.

Masanduku makubwa huchukuliwa na wapagazi mlangoni, nayo hufika kabini jioni, pengine usiku. Begi la mkononi ndilo la kupanga kwa akili: dawa, pasipoti, chaja, sweta, nguo moja ya kubadili. Pasi ya nguo usibebe, wanaikamata kwenye mashine, na nyaya za kuongezea umeme vilevile. Kitu kidogo ninachobeba kila safari ni ndoano za sumaku. Kuta za kabini ni za chuma, kwa hiyo unabandika ndoano zako na kutundika makoti, mitandio na kofia, na kile chumba kidogo kinapumua.

Kabini yetu ni ya ndani, haina dirisha. Iko sitaha ya chini, katikati ya meli. Wifi aliangalia kuta nne akauliza, "Wifi, bahari iko wapi?" Nikamwambia iko juu, bure, na fedha tuliyookoa ndiyo itakayompandisha treni Jumanne. Balkoni ni nzuri kwa anayeiweza. Mimi Alaska nalala tu kabini, mchana kutwa niko nje na koti.

Kabla ya kuondoka kuna zoezi la usalama. Siku hizi unatazama video kwenye simu, kisha unakwenda kituo chako cha kukusanyikia, kadi inasomwa, basi. Sheria zilikazwa baada ya Costa Concordia kupinduka pwani ya Italia Januari 2012, ikiwa na mamia ya abiria waliopanda siku ileile na hawajaonyeshwa chochote. Abiria wengi hulalamika kwamba zoezi linawakatiza kinywaji. Wifi alisimama pale kituoni akahesabu mashua za uokozi, kisha akamwuliza kijana wa zamu majaketi ya watoto yanawekwa wapi, ilhali hatuna mtoto. Mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa. Spice Islander ilizama Septemba 2011. Julai 2012 ikafuata Skagit, karibu na kisiwa cha Chumbe. Na Skagit, nikamwambia, kabla ya kuuzwa na kupelekwa kwetu ilikuwa feri ya jimbo hili la Washington, ikibeba watu wa kwenda kazini katika maji haya haya ya Puget Sound tunayoyatazama. Hakuwa analijua hilo. Akaitazama bahari kitambo, kisha akasema, "Haya, twende tukale."

Siku ya pili, Jumapili: baharini

Meli kubwa zitokazo Seattle aghalabu hupita nje ya kisiwa cha Vancouver, upande wa Pasifiki iliyo wazi, na usiku ule meli ilikwenda mrama hasa. Wifi, ambaye amevuka Nungwi na Pemba kwa boti za kila aina, aliamka na uso wa kijivu. Dawa zangu ni zilezile: kipande cha tangawizi mdomoni, tufaha bichi la kijani, biskuti kavu, na kukaa katikati ya meli sitaha ya chini macho kwenye upeo wa bahari. Kulala kabini bila dirisha huku tumbo linapanda ndiko kunakowamaliza watu. Vidonge vya kichefuchefu huwa vipo mapokezi, lakini vinasaidia ukivimeza kabla bahari haijachafuka. Ukingoja hadi umeshika ndoo, umechelewa. Saa sita mchana alikuwa anakula wali.

Siku ya baharini ndiyo siku ya soko. Utauziwa kila kitu: masaji, picha, mnada wa michoro, bingo, kifurushi cha vinywaji, kifurushi cha intaneti. Cha vinywaji kimepangwa kwa wanywaji pombe, na kampuni nyingi hudai watu wazima wote wa kabini moja wakinunue. Sisi wa chai na maji hatuna haja nacho, kwa kuwa maji, chai na kahawa ya kawaida kwenye bafe hazilipiwi, na asubuhi kuna maji ya matunda. Simu iweke kwenye hali ya ndegeni tangu meli inapoondoka na isitoke humo. Ikishika mnara wa meli, dakika chache za WhatsApp zinaweza kukupa bili ya kukuumiza. Wai-fai nanunua siku moja tu, siku ya kuwajulisha nyumbani kwamba tuko hai.

Usidanganywe na kadi ya kabini. Ndiyo ufunguo, ndiyo kitambulisho, na ndiyo pochi, kwa sababu umeifungamanisha na kadi yako ya benki. Kila ukiigusisha mahali, fedha inatoka bila kuiona. Kila asubuhi natazama hesabu yangu kwenye televisheni ya kabini, na nimeshaona mambo humo.

Kuhusu chakula, sisi tunakula halali, na hili linahitaji maneno ya mapema. Niliwaandikia kampuni wiki nyingi kabla, na jioni ya kwanza nikamtafuta mhudumu mkuu wa ukumbi wa chakula, siyo kijana wa mezani. Nyama iliyochinjwa kwa sheria hawakuwa nayo safari hii, basi tumekuwa watu wa samaki. Ukiwa kwenye maji ya Alaska, na samoni na halibati ya kila namna, hiyo si adhabu. Uliza mchuzi umetiwa nini, maana mvinyo huingia hata kwenye supu ya uyoga. Na siri ambayo wengi hawaijui: jikoni mwa meli hizi kuna wapishi wengi Wahindi. Mwombe mhudumu mkuu leo, kesho unaletewa dengu, mboga za viungo na chapati ambazo haziko kwenye orodha ya chakula.

Mchana kijana aliyetuletea chai akasikia tunavyozungumza. Akasimama, sinia mkononi. "Shikamooni mama zangu. Nyinyi ni wa wapi?" Wa Likoni, Mombasa. Wifi akawa amepata mtoto. Alitueleza kwamba yuko kwenye mkataba wa miezi tisa, hana siku nzima ya mapumziko, na mwanawe wa pili alizaliwa yeye akiwa baharini. Nikamwuliza ile bakshishi inayokatwa kila siku kwa kila abiria, zaidi ya dola 15, inafika kwao? Akapunguza sauti. "Msende pale mapokezi kuiondoa, mama. Wako wa dobi na wa kuosha vyombo, hamuwaoni, nao wamo humo." Nimeona abiria wenye mikufu ya dhahabu wakipanga foleni kuifuta tozo ile, nami maoni yangu juu yao nayaacha moyoni. Sisi tunaiacha, na siku ya mwisho tunaongeza bahasha kwa anayetutandikia na kwa kijana huyu.

Kibla kilimtia wifi wasiwasi. Dira ya simu ndani ya chuma kile inazunguka kama pia, usiitegemee. Washa televisheni, tafuta idhaa yenye ramani ya meli, utaona omo, mbele ya meli, imeelekea wapi, kisha uhesabu. Na uzuri ni kwamba huku juu, njia ya mkato ya kwenda Makka inapita karibu na ncha ya dunia, kwa hiyo pale Juneau unaelekea kaskazini karibu kamili. Unguja nako tunaelekea kaskazini. Wifi alicheka peke yake juu ya mswala.

Usiku saa zinarudishwa nyuma saa moja, wakati wa Alaska.

Siku ya tatu, Jumatatu: Juneau

Huu ndio mji mkuu wa Alaska na hauna barabara ya kutoka nje. Ni mlima mbele, bahari nyuma, na anayekuja amekuja kwa chombo au kwa ndege. Tulikuta meli nyingine zimeshatia gati. Tangu 2024 mji umekubaliana na kampuni kwamba meli kubwa zisizidi tano kwa siku, na ukiona njia ya miguu ya Mtaa wa Franklin saa nane mchana utaelewa kwa nini.

Kila mtu hapa anataka kuona mto wa barafu wa Mendenhall. Kwenye dawati la meli ziara yake ni ghali. Gatini, hatua chache kutoka ngazi ya kushukia, kuna vibanda vya kampuni za mjini zenye mabasi ya kwenda na kurudi kwa bei ndogo zaidi. Jambo moja tu la kukumbuka: ziara iliyouzwa na meli ikichelewa, meli inaingoja. Ukijipeleka mwenyewe, kuchelewa ni kwako. Mimi hujipeleka mahali ambapo mabasi ni mengi na njia ni fupi, kama hapa. Mahali pa mbali au penye basi moja, nalipa bei ya meli bila kunung'unika.

Kule tulitembea njia ya Nugget Falls, tambarare, ambayo hata mwenye magoti mabovu anaiweza. Jengo la wageni lilifunguliwa 1962 likiwa karibu na barafu. Sasa kati ya dirisha lake na barafu kuna ziwa zima. Na barafu inayoyeyuka haiondoki kwa adabu: bonde la pembeni hujaa maji kisha hufumuka ghafla, na mafuriko ya Agosti 2023 na Agosti 2024 yaliingia majumbani mwa watu huko chini. Dubu mweusi alikuwa mtini juu ya njia ya mbao, amelala, miguu inaning'inia. Wifi alimpiga picha nyingi kuliko alizowahi kunipiga mimi.

Tuliporudi mjini akataka kuona maduka. Jana melini kulikuwa na mhadhara wa "mshauri wa manunuzi", bibi mchangamfu mwenye ramani ya maduka "yanayoaminika". Maduka ya kwenye ramani ile yamelipia kuwekwa pale. Mengi ni ya vito, mengine ni ya wafanyabiashara walewale wa bandari za Karibiani, na meli zikiisha mwezi wa kumi wanafunga milango. Na jiwe wanalolisukuma kuliko yote ni tanzanaiti.

Basi tukaingia. Kijana wa duka akamketisha wifi kwenye kiti cha mahameli, akamwekea pete kiganjani, akaanza: jiwe adimu, linachimbwa mahali pamoja tu duniani, chini ya Mlima Kilimanjaro, na vizazi vijavyo havitaliona. Wifi akanigeukia. "Mwambie Mererani." Nikamwambia. Kijana akauliza tumejuaje. Nikamweleza kwamba mama huyu anatoka nchi ambayo jiwe limepewa jina lake, lililogunduliwa 1967, na kwamba mwaka 2020 mchimbaji mdogo, Saniniu Laizer, aliiuzia serikali mawe mawili kwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Kijana akabonyeza kikokotoo, bei ikashuka. Wifi akanyamaza. Ikashuka tena. Akainuka, akashukuru, akatoka. Nje akaniuliza, "Kwa bei ile ya mwisho, wifi, na mchimbaji anapata ngapi?"

Jua lilizama baada ya saa nne usiku, na wekundu wa upande wa jua haukuondoka usiku kucha. Kwa hali hii tulijumuisha magharibi na isha, ruhusa ya msafiri, na mapema kabla ya saa kumi alfajiri jua likawa limetoka tena. Beba kitambaa cheusi cha kufunika macho kama kabini yako ina dirisha. Yetu ya ndani, ile iliyodharauliwa, ilikuwa giza totoro.

Siku ya nne, Jumanne: Skagway

Mji wa watu elfu moja na kidogo, na meli zikijipanga wageni wanawazidi mara nyingi. Uliibuka kwa ajili ya dhahabu ya Klondike, ng'ambo ya mpaka wa Kanada, 1897 na 1898. Polisi wa Kanada walikuwa wanakaa juu mpakani, hawamruhusu mtu kupita bila chakula cha mwaka mzima na vifaa, jumla kama tani moja. Mtu alipanda mlima na kushuka mara kadhaa wa kadhaa akihamisha magunia yake. Farasi walikufa kwa maelfu kwenye njia ya White Pass.

Treni ilijengwa kati ya 1898 na 1900, miaka ileile Waingereza walipokuwa wanatandika reli kutoka Mombasa kwenda ziwani. Inapanda karibu meta 873 katika kilomita 32 hivi, kwa njia nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa jabali. Hii ndiyo ziara ninayoilipia bila kusita. Kaa upande wa kushoto wakati wa kupanda, korongo liko huko. Usijali kurudi, kileleni wanageuza migongo ya viti na abiria hubadilishana pande. Nenda kasimame kwenye kijukwaa cha nje nyuma ya behewa, koti limefungwa hadi shingoni. Pale tulipopita daraja la mbao na kuingia kwenye handaki, wifi alishika mkono wangu na chuma cha behewa kwa pamoja, na alama za kucha zake ninazo. Anayechagua basi la kuvuka hadi Yukon asisahau pasipoti na viza ya Kanada. Treni ya kufika kileleni na kurudi haishushi mtu.

Mwisho wa kurudi melini ulikuwa saa kumi na nusu. Fuata saa ya meli tu, siyo ya simu. Karibu na mpaka simu inaweza kushika mnara wa upande wa pili na kuruka saa moja. Mimi huvaa saa ya mkononi ya kizamani, naiweka sawa na ile ya mlangoni asubuhi ninaposhuka. Jioni tulikuwa juu kwenye sitaha na vikombe vya chai wakati mume na mke walipokuja mbio gatini, mifuko inapigapiga miguu, abiria mia wakiwashangilia kutoka juu. Walipata, kwa dakika chache. Ambao hawapati hujilipia wenyewe hadi bandari ifuatayo, na kutoka hapa si safari ndogo.

Siku ya tano, Jumatano: Glacier Bay

Leo hakuna kushuka, na ndiyo siku tuliyoijia.

Hifadhi hii inaruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku, kwa hiyo unaponunua safari ya Alaska tazama jina hili kwenye ratiba. Kampuni nyingine zinakupeleka ghuba nyingine yenye barafu na tangazo linaandikwa kwa ujanja. Asubuhi na mapema kiboti kilikuja ubavuni, na askari wa hifadhi wakapanda kwa ngazi ya kamba huku meli ikiendelea kwenda. Mmoja wao alikuwa wa kabila la Watlingit wa Huna. Alichukua kipaza sauti, na kutoka hapo hadi mchana sauti za biashara zikanyamaza, hata kasino ilikuwa imefungwa.

Alieleza jambo ambalo wifi aliniomba nimrudilie mara mbili. Hapa palikuwa na bonde na vijiji vya watu wake. Kisha barafu ikaanza kusonga mbele, mbio kuliko mtu alivyotarajia, ikawatoa, wakahamia Hoonah ng'ambo ya mlango wa bahari. Kufikia miaka ya 1750 barafu ilikuwa imejaa hadi mdomoni. Watu wa mpelelezi Mwingereza George Vancouver walipopita 1794 ghuba ilikuwa kishimo cha kilomita nane hivi. John Muir, mwandishi wa mambo ya asili, alipokuja 1879, barafu ilikuwa imerudi nyuma makumi ya kilomita. Maji yote haya tunayoelea, saa baada ya saa, ni mahali ilipokuwa. Mwaka 2016 watu wa Huna walijengewa tena nyumba yao ya ukoo Bartlett Cove, ya kwanza tangu walipoondolewa na barafu. "Yetu ya Kilimanjaro nayo inakwisha," wifi akasema, "lakini haikumfukuza mtu."

Ushauri wangu kwa siku hii: kula chai mapema sana, vaa kila ulicho nacho, nenda kwenye sitaha ya mbele kabla watu hawajajua kwamba imefunguliwa. Kanga mbili chini ya koti zinafanya kazi nzuri kuliko sweta la pili, nawaambia wasioamini. Usilipe zaidi kwa ajili ya kabini ya upande fulani, kwa sababu nahodha anapofika mbele ya barafu huizungusha meli polepole na kila upande unapata zamu. Kabla ya kufika huko watu wote wanakimbilia omo, sisi tukienda tezi, nyuma ya meli, tunakuta nafasi na kimya.

Margerie ni ukuta wa barafu unaosimama baharini, upana kama kilomita moja na nusu, kimo juu ya maji kiasi cha meta 75. Kwa mbali unaonekana kama chokaa chafu. Ukikaribia unaona mipasuko, na ndani ya mipasuko rangi ya samawati iliyokolea, kwa sababu barafu iliyoshindiliwa namna ile humeza nuru nyekundu na kuiacha hiyo. Meli ikazima kelele zake. Tukasimama. Dakika nyingi hakuna kitu, watu wakaanza kushusha simu zao. Kisha, upande wa kulia, kipande kikubwa kuliko nyumba kikaachia. Kilikwenda chini bila sauti, nikaona maji yakipanda, na ndipo mlio ukafika, mzito, ukapita kifuani. Wimbi likaja likitikisa vipande vyenye sili juu yake, nao hawakuinua hata vichwa. Wifi alisema "Subhanallah" kwa sauti kubwa, na mzee wa Kijerumani aliyekuwa kando yake akamwitikia kwa kutikisa kichwa.

Tulikaa nje hadi vidole vikakataa kushika kikombe. Simu hufa haraka kwa baridi. Iweke ndani ya nguo, karibu na mwili, uitoe unapopiga tu. Darubini ndogo ya bei rahisi ina faida kuliko kamera kubwa. Jioni, tukiwa tunatoka ghubani, nyangumi walipiga pumzi mara kadhaa kwa mbali, na walioona ni sisi tuliokuwa sitahani. Wengine walikuwa kwenye foleni ya chakula, wakingoja kamba.

Siku ya sita, Alhamisi: Ketchikan

Mvua. Mji huu hupata zaidi ya meta tatu za mvua kwa mwaka, takriban mara tatu ya Dar es Salaam, na wenyeji hawabebi miavuli. Nawe usibebe, upepo utakunyang'anya. Koti la mvua lenye kofia, viatu visivyopitisha maji, basi.

Saa chache tu hapa, na hakuna haja ya ziara yoyote ya kulipia. Tulitembea Creek Street, nyumba za mbao juu ya nguzo kwenye kijito, zamani mtaa wa madanguro hadi 1954, leo ni maduka ya zawadi. Samoni wanaopanda kijito huonekana zaidi kuanzia Julai mwishoni, sisi wa Juni tuliona maji tu. Tukaingia Totem Heritage Center kutazama nguzo za kuchongwa za karne ya 19, zilizookolewa kutoka vijiji vilivyohamwa. Hazijapakwa rangi mpya, na mbao imepasuka. Wifi, mjukuu wa fundi wa milango ya Unguja, aliziinamia akitazama patasi ilivyopita, akafika hata kumkera mlinzi. Alinunua samoni wa kopo, duka la vyakula la kawaida wanakonunua wenyeji, kwa bei iliyo chini ya maduka ya gatini.

Siku ya saba, Ijumaa: baharini, na Victoria usiku

Saa zimesogezwa mbele tena. Mchana ni wa kufunga masanduku, maana usiku yanawekwa kwenye ukumbi nje ya kabini. Acha nguo za kesho nje. Nimeshamwona bwana akishuka Seattle kwa pajama na koti.

Tumetia gati Victoria saa mbili usiku, na tunaondoka saa sita. Watu huuliza kwa nini kusimama usiku kwa saa chache tu. Ni sheria ya Marekani ya 1886: meli yenye bendera ya kigeni hairuhusiwi kubeba abiria kutoka bandari ya Marekani na kuwarudisha Marekani bila kugusa nchi nyingine. Meli hizi nyingi zina bendera za Bahama, Panama, Bermuda au Malta, kwa hiyo Victoria inagusiwa kwa ajili ya makaratasi. Mwaka 2021 Kanada ilipofunga bandari zake kwa korona, Bunge la Marekani lilibidi litunge sheria ya muda ili Alaska isikose watalii. Na yote ile, viza ya wifi, alama za vidole Dar, ada, ni kwa ajili ya jioni hii moja.

Basi tukaitumia. Tulitembea nusu saa hivi hadi bandari ya ndani, bunge limewashwa taa kila ukingo, hoteli ya Empress ya tangu 1908 ng'ambo yake. Wifi alinunua aiskrimu kwa dola za Kanada, akaomba muhuri kwenye pasipoti, hakupata.

Siku ya nane, Jumamosi: Seattle

Hesabu ya mwisho ilikuwepo alfajiri. Kulikuwa na picha mbili ambazo hatukuzichukua. Kwa kuwa nilikuwa nikitazama kila siku, nilijua ziliingia lini, na zilifutwa pale pale. Ukishafika nyumbani utazungumza na mashine ya simu. Nenda mapokezi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa maana saa moja foleni inafika kwenye lifti.

Mwenye nguvu za kubeba masanduku yake mwenyewe hushuka kwanza. Wengine hungoja rangi ya lebo yao iitwe. Kama una ndege, isiwe kabla ya saa sita mchana. Kijana wa Likoni alikuja kutuaga mlangoni mwa ukumbi, saa nne baadaye anapokea abiria wengine elfu kadhaa. Wifi alimpa bahasha na kopo moja la samoni, naye akambusu mkono.

Kwa afisa wa uhamiaji wifi alitangulia. Akaulizwa ana chakula gani, akafungua begi na kuyapanga makopo yake mezani moja moja. Afisa akasoma lebo ya la kwanza, akamwashiria ayarudishe. Mume wangu alikuwa nje ameegesha mahali pasiporuhusiwa, anapiga honi.